Taa Juu ya Maji ya Bamvua: Mazungumzo juu ya Sikukuu ya Kangensai, Kisiwa cha Miyajima, Japani

(Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa Serikali, wenye nyumba za wageni na wananchi. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wasomaji wote.)



Nimetakiwa nieleze juu ya sikukuu za taa zinazofanyika wakati wa kiangazi katika visiwa vya Japani. Sikukuu hizo ni nyingi, na muda tulionao ni mfupi. Kwa hiyo nimechagua moja tu, nayo ni Kangensai ya kisiwa cha Miyajima, ambacho jina lake jingine ni Itsukushima, katika Mkoa wa Hiroshima. Nimeichagua kwa kuwa inaonesha namna kisiwa kidogo kinavyoweza kupokea wageni wengi mno, na bado kikabaki na mamlaka ya kuamua lipi lao la kuhifadhi na lipi la kuachia.

Kisiwa cha Miyajima kina ukubwa wa kilomita za mraba 30 hivi. Kutoka gati ya Miyajimaguchi, iliyoko upande wa bara, meli hukifikia kwa muda wa dakika 10. Wenyeji wake hawafiki 2,000, lakini wageni wanaokizuru kwa mwaka mmoja hupindukia milioni 4. Wengi wao huja kuona hekalu la Itsukushima, lililojengwa juu ya nguzo katika ufukwe, hata maji yakijaa huonekana kama linaelea. Mapokeo yanasema kwamba lilianzishwa mwaka 593. Mpango wa majengo tunayoyaona leo unatokana na kazi iliyofanywa mwaka 1168 kwa amri ya Taira no Kiyomori, mtawala aliyekuwa na nguvu kubwa katika zama zake.

Mbele ya hekalu, ndani ya bahari, limesimama lango kubwa jekundu lenye kimo cha zaidi ya mita 16 na uzito wa tani 60 hivi. Miguu ya lango hilo haikuzikwa ardhini. Limesimama kwa uzito wake lenyewe. Lililopo sasa lilijengwa mwaka 1875, na kati ya mwaka 2019 na 2022 lilifanyiwa matengenezo makubwa. Mwaka 1996 UNESCO iliuingiza mahali hapo katika orodha ya Urithi wa Dunia, orodha ambayo Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia mwaka 2000. Wao na sisi, basi, tumekabidhiwa dhamana ya namna moja.

Ndugu Wananchi,

Neno Kangensai lina maana ya sikukuu ya vyombo vya kupuliza na vya nyuzi. Hapo zamani watu wa makao ya kifalme ya Kyoto walikuwa na desturi ya kupiga muziki ndani ya mashua, katika maziwa na mito. Kiyomori aliichukua desturi hiyo akaipeleka baharini, ikawa ibada ya hekalu la Itsukushima. Ukoo wake uliangamia katika vita vya baharini vya Dan-no-ura mwaka 1185, lakini sikukuu aliyoianzisha ingalipo. Vyombo vinavyopigwa si vigeni kabisa kwa masikio yetu. Mna zumari, mna filimbi na ngoma, na mna biwa, ambayo ni ya ukoo mmoja na udi wa taarabu.

Sikukuu hii hufanywa tarehe 17 ya mwezi wa sita kwa hesabu ya zamani ya mwezi mwandamo. Wavuvi na manahodha waliomo humu ukumbini wameshafahamu sababu yake. Siku hizo mbili tatu baada ya mwezi mpevu ni za bamvua. Pahala ambapo maji yakipwa mtu hutembea kwa miguu hadi kwenye lango, usiku huo hupita chombo. Lakini hesabu yao inatofautiana na ya Hijra kwa jambo moja: katika baadhi ya miaka wao huongeza mwezi wa kumi na tatu, ili majira yasihame. Kwa sababu hiyo Kangensai daima huangukia kiangazi, Julai au Agosti. Haihamishwi kwenda siku ya mapumziko ili wageni wapate nafasi. Ikiangukia Jumanne, hufanywa Jumanne.

Jioni, maji yakiwa yanajaa, chombo kikubwa huondoka mbele ya lango. Ni mashua tatu zilizofungwa pamoja, zikatandikwa sakafu moja na kuezekwa paa, na kandili za karatasi zikatundikwa pande zote. Wapiga muziki hukaa ndani. Chombo huvuka mkondo kwenda hekalu la Jigozen upande wa bara, na giza likishaingia na mwezi kupanda hurejea kisiwani. Hupitia Nagahama, ambako watu hukilaki wakiwa na taa mikononi, kisha Omoto. Mwishowe huingia katika uwanja mwembamba wa maji ulioko ndani ya hekalu lenyewe, uliozungukwa na ujia wa mbao, na hapo hugeuzwa mara tatu. Nafasi ni ndogo mno. Waendeshaji huusukuma mwili wa chombo kwa nguvu zao zote, kandili zikiyumba, na watu waliojipanga ujiani hushangilia kila mzunguko unapokamilika. Nilibahatika kulishuhudia tendo hilo. Mwangaza wote uliokuwapo ulikuwa wa mwezi na wa kandili zile, na ulitosha.

Naomba mzingatie pia kwamba chombo kile hakina mashine. Huvutwa na mashua za makasia za watu wa Eba na wa Aga, vijiji vya pwani ambavyo leo vimo katika miji ya Hiroshima na Kure. Asili yake ni mwaka 1701. Katika sikukuu ya mwaka huo tufani ilikikumba chombo, kikawa karibu ya kuzama, na mashua za watu wa Eba na Aga zikakiokoa. Tangu hapo heshima ya kukivuta ni yao. Zaidi ya miaka 300 imepita, na wema wa usiku mmoja bado unalipwa kila mwaka mbele ya watu wote.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kisiwa hicho hicho kilikuwa na sikukuu nyingine ya mwangaza, iliyokuwa mashuhuri zaidi kwa wageni. Kila Agosti fataki zilikuwa zikifyatuliwa juu ya bahari mbele ya lango, na picha zake zilienea duniani kote. Umati ulikuwa mkubwa mno, na kisiwa hakina njia ya kutokea ila ya baharini. Fataki zikimalizika, watu wote huelekea kwenye gati moja kwa wakati mmoja. Mara ya mwisho zilifanyika mwaka 2019. Baadaye waandalizi waliamua kwamba hazitarejeshwa, kwa ajili ya usalama wa watu. Ni dhahiri kwamba uamuzi wa namna hiyo una gharama kwa wenye maduka na wenye nyumba za wageni. Hata hivyo ulipitishwa, na Kangensai ikabaki.

Aidha, hapo zamani hakukuwa na ada ya aina hii. Ni kuanzia tarehe 1 Oktoba 2023 ndipo mgeni anayeingia kisiwani hutozwa yeni 100, au yeni 500 kwa mwaka mzima akipenda. Wakaazi hawatozwi. Kiwango hicho ni kidogo, wala hakikusudiwi kumzuia mtu. Makusudio yake ni kwamba mgeni naye achangie gharama za kuwapokea wageni, badala ya mzigo wote kuwaelemea wenyeji wachache.

Kwa wale wenye nia ya kuizuru sikukuu hii, nasaha zangu ni hizi:

1. Mtu aulize mapema tarehe ya mwaka husika, kwa kuwa hubadilika kila mwaka, na aombe nafasi ya malazi miezi mingi kabla. Vyumba vya kisiwani ni vichache.

2. Ajue saa ya meli ya mwisho. Sherehe humalizika usiku mwingi.

3. Asiwape chakula paa wanaotembea mjini, wala asipachike sarafu katika nyufa za lango.

4. Wakati wa muziki anyamaze, na asiwashe taa ya kamera. Ile ni ibada ya wenyewe.

Ndugu Wananchi,

Sisi nasi tunaishi na bahari, na wageni wetu wanaongezeka. Mara nyingi tunapopanga sherehe, swali letu la kwanza huwa ni watu wangapi watakuja. Wenzetu wa Miyajima wamelazimika kuuliza maswali mengine: gati yetu inabeba watu wangapi kwa usalama, na jambo gani tungeendelea kulifanya hata kama hakuna mgeni hata mmoja aliyekuja. Naziomba kamati zetu zianze na maswali hayo mawili, kabla ya kujadili idadi ya taa na ukubwa wa jukwaa.