Fungu Moja Zaidi

Somo: Nehemia 8:1–12

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya karamu. Ndiyo, karamu: nyama na chapati, nyimbo, marafiki na wageni. Labda mlitazamia tuwaonye juu ya ulafi na ulevi, kama wahubiri walivyozoea kufanya mwezi huu wa Desemba. Maonyo hayo yana mahali pake, lakini siyo tuliyokuja nayo leo.

Tuanze na majira yenyewe. Katika Ukambani Krismasi haiji na theluji, kama zile kadi za madukani zinavyoonyesha. Huja wakati mvua za vuli zimenyesha, ikiwa zimenyesha. Mvua hizi za Oktoba hadi Desemba ndizo wakulima wetu huzitegemea kuliko zile za Machi. Mwaka ukiwa mwema, Desemba yote ni kijani: mahindi yamesimama, kunde zimetoa majani ya mboga, ndengu zinakaribia kukomaa, na maembe ya Makueni yanaanguka chini ya miti bila mtu wa kuyaokota. Mwaka ukiwa mbaya, mito yetu ya mchanga hubaki mchanga mtupu, na akina mama huamka usiku kwenda kuchimba maji. Basi Krismasi ya kwetu ina sura mbili, na hakuna ajuaye mwezi wa Septemba ni ipi itakayokuja.

Hata hivyo, watu hurudi. Kuanzia tarehe 20 hivi kituo cha mabasi cha Machakos kule Nairobi hakipitiki. Nauli imepanda, mizigo iko juu ya mabasi: unga wa ngano, mafuta ya kupikia, sukari, blanketi la susu. Wengine hushuka Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi au Mtito Andei. Wengine hupita Matuu kwenda Mwingi. Wengine Machakos kwenda Kitui. Kijana aliyeondoka peke yake amerudi na mke na mtoto ambao susu hajawahi kuwaona. Jioni hiyo hakuna alalaye mapema.

Ukarimu huu ni wa zamani kuliko kanisa. Mwaka 1849 Ludwig Krapf, mmishenari kutoka Rabai, alifika Kitui akawa mgeni wa Mzee Kivoi, na ilikuwa huko, tarehe 3 Desemba, alipouona Mlima Kenya kwa macho yake. Mwenyeji wake hakuwa Mkristo. Tena Desemba 1895 Peter Cameron Scott alifika Nzaui, katika Makueni ya leo; alikuwa ametua Mombasa mwezi wa Oktoba pamoja na wenzake saba, mmoja wao dada yake mwenyewe. Kabla ya mwaka mmoja kutimia tangu afike Nzaui, alikuwa amekufa. Twasema haya ili tukumbuke kwamba Injili yenyewe iliingia Ukambani kama mgeni, ikapewa mahali pa kuketi na watu ambao hawakuwa bado wameijua.

Sasa fungueni pamoja nasi Nehemia sura ya 8. Watu wa Yerusalemu wamerudi kutoka uhamishoni. Ukuta umekwisha kujengwa, lakini nyumba nyingi bado hazijajengwa, na wengi walikuwa wameelemewa na madeni. Wakakusanyika uwanjani mbele ya Lango la Maji, na Ezra akasimama juu ya mimbari ya mbao, akawasomea Torati tangu mapambazuko hata adhuhuri. (Ninyi mnaolalamika kwamba ibada zetu ni ndefu, tafadhali mzikumbuke saa hizo.) Watu waliposikia wakalia. Sasa angalieni viongozi wao waliwajibu nini. Hawakuwaambia wafunge. Waliwaambia wanyamaze, waende nyumbani wakale vinono na kunywa vitamu. Na papo hapo, bila kuanza hoja nyingine, wakawaagiza wawapelekee sehemu wale ambao kwao hakukupikwa kitu.

Mwaona, ndugu? Kula na kupeleka vimefungwa pamoja katika agizo moja. Hawakuambiwa wale kwanza washibe, halafu kikibaki kitu wapeleke. Mabaki hata mbwa hupewa. Walichoagizwa kupeleka ni sehemu, iliyokatwa wakati ule ule sehemu nyingine zinapokatwa, kutoka nyama ile ile nzuri. Tena agizo hili lilitolewa kwa watu waliokuwa wanalia, si kwa matajiri waliokinai.

Na msije mkatuuliza kama vitamu hivyo maana yake ni uki. Kwetu chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha ni kinywaji kitamu, na mtu akiisha kuinywa huiona njia ya kwenda kwake bila kushikwa mkono.

Katika vijiji vyetu vingi siku hizi watu huiandaa karamu hii mapema. Tangu Januari hufanya chama, kila mmoja akimpa mweka hazina kiasi kidogo kila wiki au kila mwezi, na Desemba hununua fahali. Tarehe 24 asubuhi fahali huchinjwa chini ya mti, majani hutandikwa, nyama hukatwa na kupangwa mafungu. Hapo utaona uadilifu wa watu wetu! Fungu hili limezidi mifupa, linaongezwa kipande cha ini. Lile lina mafuta mengi mno, linabadilishwa. Wazee wanazunguka wakitazama kama mahakimu. Kisha katibu anafungua daftari, anaita jina kwa jina. Tunalisifu jambo hili kwa moyo wote. Ni moyo ule ule wa mwethya, ambao akina mama wa Ukambani waliutumia kuchimba mitaro ya fanya juu, mpaka vilima vilivyokuwa vimeliwa na mvua vikashika udongo tena.

Lakini daftari lina ukali wake. Asiyetoa hana jina, na asiye na jina hana fungu. Tuseme yuko mjane aliyetoa mpaka mwezi wa Mei, kisha mtoto wake akaugua, naye akaacha. Tarehe 24 hataitwa. Watoto wake watasimama penye ua wakitazama moshi wa majirani. Hakuna aliyemdhulumu, kanuni ya chama ni ya haki, na bila kanuni hiyo chama kingevunjika kabla ya Pasaka. Hata hivyo, sahani yake ni tupu, na harufu ya nyama haina ua wa kuizuia.

Basi tuna pendekezo, nalo ni dogo. Wanachama wakiwa 20, mafungu yawe 21. Lile la 21 halina jina katika daftari. Litatoka kwa wote, kipande kidogo kidogo, hata hakuna atakayeona kwamba lake limepungua. Wanachama wakiwa 40, na yawe mafungu 42. Mtauliza nani apewe. Kwa jambo hilo msiitishe mkutano, maana mkutano utakwisha Januari. Kila kijiji kina mama mmoja au wawili wanaojua kila nyumba ambayo jiko lake halijawashwa. Mpeni mama huyo fungu, alifunike, aende nalo. Lisitangazwe kanisani, wala lisipigwe picha. Siku hizi kuna watu ambao hawawezi kumpa mtu kilo moja ya sukari bila kumsimamisha mbele ya simu wampige picha, na yule aliyepewa anatazama chini. Hilo silo fungu. Huko ni kumnunua mtu.

Na mwaka ambao hakuna fahali? Wazee wetu waliipa njaa majina ili isisahauliwe. Wanaitaja Ngomanisye, iliyopita kila mahali katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Wanaitaja Yua ya Ndeke ya mwaka 1961, wakati chakula kilipodondoshwa na ndege. Wanaitaja Nikw'a Ngwete ya miaka ya 1980, maana yake mtu anakufa hali ameshika: fedha anazo mkononi, lakini cha kununua hakuna. Na hata vijana wanaotusikiliza wanakumbuka tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano iliyokuja mibaya mfululizo katika sehemu kubwa ya nchi kavu za Kenya.

Katika miaka kama hiyo, Krismasi ya nyumba nyingi ni muthokoi na chumvi. Tusidhani kwamba agizo la Nehemia limesimamishwa. Mwenye gorogoro mbili za mahindi anaweza kumpa jirani kikombe kimoja, na wengi walifanya hivyo. Fikirini tena jina lile la Nikw'a Ngwete. Aliyekuwa na shilingi siku zile alimhitaji jirani mwenye mahindi kama vile asiyekuwa na shilingi. Fedha hazikumpikia mtu.

Tuje kwenye nyimbo, maana Krismasi ya Ukambani bila kwaya haijawahi kuonekana. Watu wetu hawakungoja wamishenari ndipo wajue kuimba. Ngoma na kayamba, ambazo zamani zilikatazwa mlangoni, sasa zimeketi karibu na mimbari, na kinanda cha umeme pamoja nazo, wakati mwingine kwa sauti kubwa kuliko anayoihitaji Mungu ili asikie. Vijana wamefanya mazoezi tangu Oktoba. Mwalimu wa kwaya amewakemea watu wa sauti ya nne mpaka ameshikwa na kikohozi. Sare ni mpya. Na kazi hiyo yote huimbwa asubuhi moja, ikaisha saa saba mchana! Kwa nini wimbo nao usikatwe fungu? Mzee asiyeweza kutembea mpaka kanisani anaweza kuimbiwa nyimbo mbili mbele ya nyumba yake. Hilo halihitaji umeme wala mchango.

Iko na nyumba nyingine inayohitaji fungu hilo, nayo twaitaja kwa upole. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowachukua watu waendao arusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, upande wa Mwingi, mto ukiwa umefurika. Maji yakalichukua. Wengine waliokolewa, lakini watu zaidi ya 30 walikufa, na wengi waliokuwa ndani walikuwa wanakwaya wa kanisa Katoliki la Mwingi. Walikuwa wakienda kuimba na kufurahi na bwana arusi na bibi arusi. Hawakuwa wa dhehebu letu, lakini maji hayakuuliza dhehebu. Tangu siku hiyo, katika nyumba hizo Desemba ikifika, watu wengine wanaposhona sare wao wanahesabu miaka. Watu wa namna hii hawapungukiwi na nyama. Mara nyingi majirani huwapita kwa sababu hawajui la kusema, nao husema, tusiwaharibie wafiwa utulivu wao. Nendeni tu. Keteni. Mkiombwa kuimba, imbeni taratibu. Msipoombwa, kunyweni chai yao mkanyamaze nao. Wale wa Yerusalemu walikuwa wakilia walipoambiwa wale, na kwa hiyo mwenye machozi asihesabiwe kuwa yuko nje ya karamu.

Wa mwisho tunayetaka kumtaja pengine anatusikiliza sasa hivi katika chumba cha kupanga kule Kayole au Mukuru. Ndugu yetu, kazi ilikwisha mwezi wa Agosti. Nauli unaweza kuipata kwa shida, lakini hutaki kushuka Emali mikono mitupu, watoto wakikimbilia mfuko usio na kitu. Kwa hiyo umewaambia nyumbani kwamba umepewa zamu ya Krismasi. Mama yako amesema sawa. Hakuamini. Tunakusihi umpigie simu leo umwambie kweli, kisha uende. Karani wa njia hiyo akikuomba zaidi ya ulicho nacho, mwombe ndugu wa kanisa lako huko Nairobi; nauli ya mtu mmoja ni fungu halali kabisa la Krismasi. Na ninyi mlio nyumbani, akishuka asiulizwe amekuja na nini. Mpeni maji ya kuoga, mpeni mahali pa kuketi. Ada za shule za Januari zitazungumzwa tarehe 27, wala si siku ile.

Yako mambo madogo ya kutengeneza. Fungu lipelekwe kabla ninyi wenyewe hamjakaa kula, maana baada ya kula miguu huwa mizito. Wapelekeni watoto, wawili wawili, ili wajifunze njia ya kwenda nyumba hiyo. Chapati ziwe za moto. Na chombo kikibaki huko, msikidai siku hiyo.

Tuombe. Ee Bwana, uwalinde walio barabarani usiku huu, na madereva wao wasishindane. Mito ikijaa, uwape subira ya kungoja ukingoni. Uzifariji nyumba za Mwingi. Umfungulie mlango yule aliye Nairobi. Na utupe mvua, Bwana, ya kutosha mashamba yetu. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.