Hotuba ya Katibu: Kifungu cha Vikwazo katika Mkataba wa Mkopo

(Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu)



Wasemaji waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za maghala, za kinu cha kukobolea, na za bei ya kahawa katika miaka hii kumi. Hatutarudia. Sisi wa Ofisi ya Katibu tumeagizwa kusema juu ya jambo lisiloonekana shambani wala mzanini, nalo ni kifungu kimoja katika mkataba wa mkopo wetu wa kununulia kahawa. Kifungu hicho kina nguvu ya kutudai deni lote kwa siku moja. Hata hivyo, kwa misimu miwili ya kwanza ya mkopo ule hapakuwa na mtu kati yetu aliyekijua, nasi tuliotia sahihi tukiwamo. Hilo twalikiri mbele yenu kabla ya kusema neno jingine.

Kila mjumbe ajua kazi ya mkopo huu. Ndio umwezeshao mkulima kupata malipo ya awali siku aletapo kahawa yake, kabla haijapata mnunuzi. Mkutano Mkuu hupitisha ukomo wa madeni, Mrajis huuidhinisha, na mkopeshaji aliye ng'ambo hutoa fedha, naye hushika rehani ya kahawa iliyomo ghalani. Mkataba wenyewe ni wa Kiingereza, nao ni mnene. Tuliposaini tulitazama riba, tukatazama tarehe za kulipa, tukafunga kitabu. Kifungu cha 19, chenye kichwa cha habari kisemacho vikwazo, tulikipita kama mtu apitavyo kaburi la mgeni.

Basi vikwazo vya uchumi ni nini? Ni amri ya dola moja, au ya dola nyingi pamoja, ya kukataza biashara na nchi fulani, kampuni fulani, au mtu fulani, ili kumlazimisha aache tendo linalopingwa. Umoja wa Mataifa umepewa uwezo huo na ibara ya 41 ya Mkataba wake wa mwaka 1945, na amri zake huifunga kila nchi mwanachama, Tanzania ikiwa mojawapo. Marekani, Uingereza na Umoja wa Ulaya nao huwa na orodha zao wenyewe.

Silaha hii si ngeni kwetu. Tarehe 26 Juni 1959 Mwalimu Nyerere alisimama mjini London kuwataka watu wakatae kununua bidhaa za Afrika ya Kusini ya ubaguzi. Mwaka 1965 Ian Smith na wenzake walipojitangazia utawala wao katika Rhodesia, Baraza la Usalama liliweka vikwazo juu yao tarehe 16 Desemba 1966, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Umoja wa Mataifa kuweka vikwazo vya lazima. Tumbaku, sukari na madini ya nchi ile yalikatazwa. Lakini wazee wetu watakumbuka kwamba jirani asiye na hatia alilipa gharama kubwa. Zambia ilikosa njia yake ya kusini, na ndipo bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola lilipojengwa, likamalizika mwaka 1968. Kwa hiyo twajua pande zote mbili za jambo hili: kikwazo chaweza kuwa cha haki, na bado mzigo wake ukamwangukia asiyetenda kosa.

Mjumbe mmoja alituuliza, "Sheria ya Marekani yatuhusu nini sisi wakulima?" Swali ni jema. Hufika kwetu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni dola, kwa kuwa malipo ya dola kwa kawaida hupitia mabenki yaliyoko Marekani. Njia ya pili ni sahihi yetu wenyewe. Tukiisha kuandika kwamba tutazifuata orodha hizo, hatuwezi kusema tena kwamba hazituhusu.

Na mkopeshaji ana sababu ya kuogopa. Mwaka 2014 benki kubwa ya Ufaransa, BNP Paribas, ilikiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani kwa kupitisha fedha za Sudan, Iran na Cuba, ikakubali kulipa dola zipatazo bilioni 8.9. Benki iliyoona mwenzake akinyolewa hivyo hutia maji kichwani mapema, na maji hayo humwagikia wakopaji wake wote, wakubwa kwa wadogo.

Sasa twasema kwa Kiswahili yaliyoandikwa katika kifungu chetu. Kwanza, twathibitisha kwamba Chama, viongozi wake na mawakala wake hawamo katika orodha yo yote ya vikwazo, na uthibitisho huo huhesabiwa kuwa umetolewa upya kila tuombapo fedha. Pili, twaahidi kwamba fedha za mkopo hazitamfikia mtu aliyemo katika orodha. Tatu, hatutalipa deni kwa fedha zilizotoka kwa mtu wa namna hiyo. Nne, tukigundua hitilafu tutamwarifu mkopeshaji bila kukawia. Tukivunja mojawapo, mkopeshaji aweza kuzuia fedha iliyobaki na kudai deni lote papo hapo.

Mabwana na Mabibi, yaliyotupata ni haya. Katika msimu mmoja uliopita tulipata mnunuzi mwenye ofisi katika mji wa biashara wa Ghuba. Alitaka makontena mawili, yaani magunia 640 ya kilo 60, kwa bei iliyozidi bei za wengine wote. Kahawa ilikuwa iende Port Sudan, na fedha zilikuwa ziletwe na kampuni ya tatu tusiyoijua. Tulifurahi. Tukamwandikia mkopeshaji aachilie mzigo. Akajibu kwa maswali: Nani mwenye kampuni inunuayo? Nani mwenye kampuni ilipayo? Benki gani? Meli gani? Sisi tukadhani anatuonea, tukamjibu kwa ukali. Naye akaandika neno moja tu, kwamba tusome kifungu cha 19.

Hapo ndipo tulipokisoma. Tukamwuliza mnunuzi. Alitaja wenye kampuni yake, lakini alikataa kutaja wenye kampuni ya kulipa. Majuma matatu yalikuwa yamekwisha kupita. Mnunuzi mwingine, aliyekuwa ametoa bei ya kati, alikuwa amekwisha kujaza mahitaji yake kwingine. Tukauza kwa bei ya chini, na malipo ya pili ya msimu ule yakawa haba. Wajumbe walisema katika mkutano kwamba karatasi zimekula kahawa yao. Hatukuwa na jibu la kuwapa.

Leo twalo. Hata sasa hatujui kama mtu yule alikuwa mwema au mbaya, wala hatutamsingizia. Lakini kama tungalikijua kifungu siku ya kwanza, tungalimwuliza maswali yale siku ya kwanza, tungaliona kusita kwake mapema, na bei ya kati ingalikuwa yetu. Hasara ile haikuletwa na kifungu peke yake. Ililetwa na sahihi iliyowekwa bila kusoma.

Tuliona pia kwamba kosa jingine lingalikuwa kuikataa Sudan nzima. Vikwazo vya jumla vya biashara ambavyo Marekani iliiwekea Sudan mwaka 1997 viliondolewa mwaka 2017. Lakini vita vilipozuka huko Aprili 2023, Marekani ilianza, mwezi Juni mwaka ule ule, kuyaandika katika orodha makampuni yaliyofungamana na pande zote mbili zinazopigana, na mojawapo lilikuwa na makao katika Falme za Kiarabu. Kwa hiyo kahawa yaweza kuuzwa Port Sudan kwa halali, na yaweza kuuzwa Ghuba kwa makosa. Tazameni mtu na kampuni, si jina la nchi tu. Tena kwa kanuni ya Marekani, kampuni ambayo nusu yake au zaidi ni mali ya watu walioorodheshwa huhesabiwa kuwa imezuiwa, hata kama jina lake halimo katika orodha. Ndiyo maana mkopeshaji huuliza mwenye mali, asiridhike na ubao wa mlangoni.

Orodha nazo hubadilika. Mpango wa vikwazo vya Marekani juu ya Burundi, jirani yetu, uliowekwa mwaka 2015, ulifutwa mwaka 2021. Ule wa Zimbabwe ulifutwa Machi 2024, ingawa watu kadhaa waliwekwa katika orodha nyingine. Na ule wa Syria ulifutwa mwaka 2025. Aliyekariri orodha ya mwaka jana aweza kumfukuza mnunuzi halali, au kumpokea asiye halali.

Mbolea ni mfano mwingine, maana pembejeo zetu nazo hununuliwa kwa mkopo. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipopamba moto, wengi waliogopa kugusa mbolea ya Urusi. Lakini Marekani ilitoa kibali cha jumla cha kuruhusu biashara ya mbolea na mazao ya kilimo. Hata hivyo shehena nyingi zilikwama katika bandari za Ulaya, na tani 20,000 zilizotolewa bure kwa Malawi zilikabidhiwa huko mwaka 2023 tu. Hofu nayo huzuia mzigo, hata pale ambapo sheria imeuruhusu.

Kuna jambo jingine lililotuuma. Jina la mzee mmoja wa Halmashauri yetu lilifanana na jina lililomo katika orodha, na fedha za kununulia zikasimama. Ilitupasa kwenda nyumbani kwa mtu aliyelea ushirika huu, tumwombe athibitishe kwamba yeye si mhalifu. Tulipiga hodi kwa haya. Alitusikiliza mpaka mwisho, akaleta kitambulisho chake cha Taifa, akasema, "Wanangu, jina nilipewa na baba yangu, sikulichagua. Andikeni tarehe niliyozaliwa, wakulima walipwe." Tarehe ndiyo iliyotutoa, maana orodha huandika tarehe za kuzaliwa na namba za pasi kwa ajili hiyo hiyo. Mbele ya mkutano huu twamwomba radhi tena. Kama tungalikuwa tumepeleka karatasi zake pamoja na za viongozi wengine kabla ya msimu, asingalisumbuliwa.

Mkataba ulipofika wakati wa kufanywa upya, tulikwenda na maombi matatu. La kwanza, kifungu kitaje orodha zinazohusika kwa majina, kisiseme "orodha yo yote". La pili, kwa habari za watu wengine tuthibitishe kwa kadiri tujuavyo baada ya kuuliza kwa bidii, tusidhamini siri za moyo wa mtu. La tatu, kosa lisilokusudiwa lipewe siku za kurekebishwa kabla deni halijadaiwa lote. Mkopeshaji alikubali mawili ya kwanza. La tatu alilikataa, na upanga ule bado u juu yetu. Twawaambia wazi ili asiwepo mtu wa kusema kesho kwamba alifichwa.

Kwa hiyo Halmashauri imeagiza mambo yafuatayo, nayo yanahusu vyama vyote vya msingi:

1. Mkataba wo wote wa mkopo ufasiriwe kwa Kiswahili, na vifungu viwezavyo kuvunja mkataba visomwe mbele ya wajumbe kabla ya sahihi.

2. Kila mnunuzi aandikwe katika daftari la wanunuzi siku ya kwanza: jina la kampuni, wenye mali, benki, mlipaji, mpokeaji na meli. Asiyetaka kuandikwa hatauziwa.

3. Fedha zikitoka kwa mtu asiyetajwa katika mkataba wa mauzo, zisitumiwe mpaka mkopeshaji amearifiwa kwa barua.

4. Majina yalinganishwe na orodha mpya kabla ya kila mauzo, na karatasi ya ulinganisho itiwe tarehe na sahihi na kuhifadhiwa.

5. Jina likifanana, mwenye jina asihukumiwe. Aulizwe kwa heshima, faraghani, na vitambulisho vyake vitumwe.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema habari za mali, nasi twaongeza habari za ahadi. Kifungu cha 19 kiliandikwa na watu wasiochuma kahawa, nacho chatutwika mzigo wa kuchungulia mambo ya watu walio mbali. Hatusemi kwamba ni chepesi, wala kwamba ni cha haki kila mara. Lakini mkulima aliyeleta kahawa yake kwa baiskeli na kupokea malipo ya awali amekopeshwa kwa nguvu ya kifungu hicho, ajue asijue. Wajibu wetu ni kumfanya ajue.

Mkataba mpya, pamoja na tafsiri yake, umo mezani katika ofisi ya Chama. Mjumbe ye yote aje ausome, na akiona neno asilolielewa atuulize. Katika miaka kumi ijayo tusisikie tena katika mkutano huu kwamba karatasi zimekula kahawa ya mtu.

Ushirika wetu udumu.