Saa ya Nyumbani na Saa ya Stesheni

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kiomboi)



Katibu alipotuandikia kututaka tuseme neno katika mkutano huu, alituachia wenyewe kuchagua jambo. Tumechagua kupanga safari ndefu ya gari la moshi, kwa sababu mwezi ujao wengi wenu mtachukua likizo, na kwa sababu sisi wenyewe tulipata kuaibika katika jambo hili. Twasema gari la moshi kwa mazoea tu. Moshi wenyewe umekwisha zamani.

Huenda wengine mkacheka, mkasema, Mtu wa Kiomboi na gari la moshi, wapi na wapi? Ni kweli, hapa bomani hatusikii honi yake. Walakini reli ilipata kutukaribia kuliko wengi wanavyojua. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza ilijenga tawi kutoka Manyoni, likapita Singida, likafika hata Kinyangiri, ambako siku hizi ni wilaya ya Mkalama. Katika miaka ya 1940 likang'olewa. Baada ya uhuru reli ikajengwa tena kutoka Manyoni, ikakomea Singida. Basi mtu asione vyuma vile vimelala pale akadhani safari yake yaanzia hapo. Reli si gari. Na aulize kwanza kama liko gari la abiria, na ni siku gani, ndipo aipange safari yake. Sisi leo tutahesabu kwamba aendaye Tabora, Mwanza au Kigoma atapandia Manyoni, na aendaye Dar es Salaam atapandia Dodoma.

Sasa tueleze aibu yetu.

Baba mkwe wetu alifariki huko Kasulu, nasi hatukuwahi maziko. Mama watoto aliumia sana, lakini akavumilia kwa kuwa arobaini ilikuwa mbele, nasi tulimwahidi kwa kinywa chetu kwamba hataikosa. Arobaini ilikuwa tarehe 17. Tukakata tiketi mapema, daraja la pili kulala, kutoka Manyoni hata Kigoma. Juu yake iliandikwa tarehe 15, na saa 02:00. Tulijua vema kwamba hiyo ndiyo saa nane ya usiku, hapo hatukukosea. Tuliondoka hapa asubuhi ya tarehe 15, tukashika basi Misigiri, tukabadili Singida, na alasiri tukafika Manyoni. Tukala wali, tukaketi stesheni na mizigo yetu kwa raha ya mtu aliyewahi. Saa mbili usiku tukamwendea karani wa stesheni kumwuliza kama gari letu laja kwa wakati wake. Aliisoma tiketi, akatutazama, akasema kwa upole, "Ndugu, gari lenu lilipita usiku wa kuamkia leo."

Mama watoto hakusema neno. Aliinuka, akakaza kanga, akambeba mtoto, akauliza mabasi ya Tabora yako upande gani.

Gari jingine la Kigoma lilikuwa baada ya siku kadhaa, maana magari ya njia hii hayapiti kila siku. Tukaunga mabasi, leo hapa, kesho pale, tukafika Kasulu usiku wa tarehe 17. Ibada ilikwisha fanywa mchana, masufuria yameoshwa, na wageni wa mbali wamekwisha aga. Shemeji zetu walitupokea kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyotuchoma.

Kosa lilikuwa wapi? Karani wa tiketi aliandika sawasawa, na gari lilipita kwa saa yake. Kosa ni letu, nalo lafaa kuchunguzwa, kwa kuwa si la mjinga. Ni kosa la mtu anayejua nusu. Kwa hesabu ya stesheni, siku mpya huanza saa sita ya usiku. Basi saa nane ya usiku ni mwanzo wa tarehe 15, wala si mwisho wake. Sisi twaamka asubuhi, twasema leo tarehe 15, na usiku ufuatao twauita usiku wa tarehe 15 hata tunapolala. Jambo la kuchekesha ni hili, kwamba wazee wa pwani wasingalikosea. Kwao siku huanza jua linapokuchwa: usiku hutangulia, mchana hufuata, na usiku wa Jumatano ndio ule unaoamkia Jumatano. Kama tungalifuata hesabu ya wazee wale, tungalipanda. Kama tungalifuata hesabu ya stesheni, tungalipanda vile vile. Sisi tulisimama katikati, kwa saa ya Kiswahili na tarehe ya ofisini, gari likatupita.

Wala tusidhani kwamba ni Waafrika tu waliopatikana na mashaka haya. Huko Uingereza zamani kila mji ulikuwa na saa yake kwa kufuata jua. Bristol uko magharibi ya London, basi jua la adhuhuri hufika huko nyuma ya London kwa dakika 10 hivi. Mtu alipokwenda kwa gari la farasi dakika hizo hazikuwa kitu. Lakini mwaka 1840 kampuni ya reli ya Great Western iliamuru stesheni zake zote zifuate saa ya London, na mwaka uliofuata njia ya London hata Bristol ikakamilika. Tangu hapo mwenyeji wa Bristol aliyetegemea saa ya mji wake alifika stesheni na kukuta gari limekwisha ondoka. Saa kubwa iliyo juu ya jengo la soko la nafaka la Bristol ilitiwa mikono miwili ya dakika, mmoja wa mji na mmoja wa London, nayo iko hata leo. Mji wenyewe ulikubali saa ya London mwaka 1852 tu, na sheria ya nchi nzima ikaja mwaka 1880. Basi watu wa nchi iliyoanzisha gari la moshi walihitaji miaka 40 kupatanisha saa ya nyumbani na saa ya stesheni. Tulipoyasoma hayo tulipata faraja kidogo, ingawa hatukuthubutu kumsomea mama watoto.

Tangu safari ile twapanga kwa kuanzia mwisho. Twaandika kwanza siku na saa ambayo lazima tuwe tumefika, kisha twarudi nyuma, kituo kwa kituo, hata mlango wa nyumba yetu. Mtu anayeanza na siku ya kuondoka huipenda siku hiyo, naye hulazimisha mambo mengine yote yaifuate. Mwenye likizo ya siku 28 huwa na tamaa ya kutopoteza hata moja. Sisi twasema, ipoteze moja kwa hiari. Mahali dhaifu pa safari yetu ni pale basi linapokutana na gari la moshi, maana basi likiharibika njiani, gari halitamngoja mtu wa Iramba. Afadhali kulala Manyoni au Dodoma usiku mmoja.

Pia jihadharini na mvua. Gari la kwenda Kigoma hutoka Dar es Salaam, nalo kabla ya kufika Manyoni hupita kati ya Kilosa na Gulwe, mahali ambapo mafuriko yameharibu njia mara nyingi. Manyoni kwaweza kuwa kukavu kabisa, vumbi tupu, na gari likawa limezuiwa huko nyuma. Kwa hiyo swali la kumwuliza karani wa stesheni wakati wa masika ni hili, "Je, limekwisha pita Dodoma?" Jibu lake litakwambia kama ukae macho au ukalale.

Kwa waendao Dar es Salaam mambo yamebadilika. Reli mpya ya umeme ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hata Morogoro mwezi wa Juni 2024, na hata Dodoma mwezi wa Julai mwaka ule ule. Mwendo wa Dodoma hata Dar es Salaam, uliokuwa kazi ya usiku kucha na zaidi, sasa ni saa nne hivi. Lakini kumbukeni kwamba upana wa njia mpya ni milimita 1,435, na wa ile ya zamani, iliyoanzwa na Wajerumani mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ni milimita 1,000. Gari la moja haliwezi kupita juu ya nyingine, na stesheni zake ni mbali mbali. Mwenye kushuka katika gari la zamani hapo Dodoma, akitaka kupanda la umeme, ahesabu muda wa kuvuka mji pamoja na mizigo. Achukue kitambulisho chake, na awahi kabla ya malango kufungwa, kwa sababu gari hili huondoka kwa dakika, na kujuana na mtu hakufungui mlango.

Nyumbani kwetu sasa tiketi haiwekwi kabatini kabla ya kusomwa na watu wawili. Mmoja husoma, na mwingine huandika kwenye kalenda ya ukutani, si tarehe peke yake, bali maneno kamili, "Usiku wa kuamkia Jumamosi, saa nane." Mwandishi ni mama watoto. Hatukumpa kazi hiyo, aliitwaa mwenyewe.

Juzi mwanachama mmoja, ambaye hatutamtaja ingawa amekaa safu ya pili na anainamisha kichwa, alituonyesha tiketi yake ya kwenda Kigoma. Imeandikwa Ijumaa, saa 01:40. Alikuwa ameomba ruhusa ofisini kuanzia Ijumaa yenyewe, akakusudia kuondoka hapa mchana wa siku hiyo. Tulipomsomea alinyamaza, akahesabu kwa vidole, kisha akaomba karatasi. Ruhusa mpya yaanza Jumatano, na mkewe amekwisha pelekewa habari.