KOCHA MWANAMKE: KAULI YA TAWI



Mwaloni Kibirizi tumesikia maneno: kocha mwanamke atawawezaje vijana wa kiume wa chuo? Mwaka 2024 Jackline Juma alikabidhiwa FC Talanta, timu ya wanaume ya Ligi Kuu ya Kenya. Salima Mukansanga wa hapo jirani, Rwanda, alikuwa mwamuzi, si kocha, lakini AFCON ya wanaume iliyochezwa mwaka 2022 alipopuliza filimbi walisimama. Na mama zetu wanaobishana bei ya dagaa na wenye mitumbwi kila alfajiri, nani hawasikii?

Mwenye shaka aulize cheti cha ukocha. Sisi tunadai jambo moja: posho aliyolipwa kocha mwanaume aliyetangulia, alipwe na huyu, bila kupunguzwa. Jumamosi jioni twendeni mazoezini.

Katibu wa Tawi