Adui Katika Vitabu vya Picha vya Watoto



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu vitabu vya picha vya vita wanavyosoma watoto, na jinsi vitabu hivyo vinavyomwonyesha askari wa upande wa adui. Huenda wapo watakaouliza: askari mwenye bunduki begani ana shughuli gani na vitabu vya watoto? Jibu letu ni kwamba kila askari alikuwa mtoto kabla ya kuvaa sare, na wengi wenu leo ni wazazi. Mtu hujifunza sura ya adui muda mrefu kabla ya kufundishwa kushika silaha.

Hapa Bujumbura, kwa kuwa shule zetu zimetumia Kifaransa tangu enzi ya Wabelgiji, vitabu vya namna hii vilivyotufikia zaidi ni vile vya Ubelgiji na Ufaransa. Mfano unaojulikana sana ni hadithi za Buck Danny, rubani wa Kimarekani. Zilianza kutolewa Januari 1947 katika gazeti la watoto la Spirou nchini Ubelgiji, zikiandikwa na Jean-Michel Charlier na kuchorwa na Victor Hubinon. Wakati huo Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha kwa miezi kumi na sita tu. Kitabu cha kwanza cha mfululizo huo kiliitwa Les Japs attaquent, yaani "Wajapani wanashambulia". Lakini neno lililotumika si jina la kawaida la Wajapani, bali ni lile lililofupishwa kwa dharau. Mtoto alikutana na dharau hiyo kwenye jalada, kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Uingereza nayo ina vitabu vya Commando, ambavyo kampuni ya D.C. Thomson ya mji wa Dundee ilianza kuvitoa mwaka 1961. Ni vijitabu vidogo vya kutia mfukoni, na vizazi kadhaa vya wavulana wa Kiingereza vimekua navyo.

Ukivichunguza vingi vya vitabu hivi utaona vinafuata desturi moja. Askari wa upande wetu ana jina, ana rafiki, ana barua kutoka nyumbani, na hofu yake tunaielezwa. Askari wa adui hana jina. Wao ni wengi, na wote wana sura moja. Kofia ya chuma imewafunika macho. Maneno yao ni machache: amri ya kufyatua risasi, tusi, na ukelele wa kufa. Wakipiga risasi hukosa. Wakianguka hakuna anayewazika, na ukurasa unaofuata umekwisha kuwasahau. Haisemwi popote kwamba mtu yule aliitwa kwa nguvu jeshini, au kwamba anaye mama anayemsubiri.

Tusidhani kwamba waandishi wote wa vitabu hivyo walikuwa watu waovu. Wengi waliandika wakati majeraha ya vita hayajapona, na nchi iliyovamiwa ina haki ya kumwita mvamizi kwa jina lake. Mwaka 1944, Paris ilipokombolewa, kilitolewa kitabu cha watoto kiitwacho La Bête est morte!, kilichochorwa na Edmond-François Calvo kwa siri wakati Wajerumani bado wanaitawala nchi yake. Humo mataifa yote ni wanyama: Wafaransa ni sungura na kuchakuro, Waingereza ni mbwa, na Wajerumani ni mbwamwitu. Uchungu wa mchoraji huyo tunauelewa. Hata hivyo yatupasa tutazame jambo lililo ndani ya picha hizo. Mtu akichorwa kama mtu, mwisho wa vita anaweza kusamehewa, kuhukumiwa, au kurudishwa kwao. Akichorwa kama mnyama mkali, linalobaki ni kumwinda.

Sisi wa eneo la Maziwa Makuu hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta ushahidi wa jambo hilo. Katika nchi jirani ya Rwanda, gazeti la Kangura, lililoanzishwa mwaka 1990, na redio ya RTLM, iliyoanza kusikika mwaka 1993, vilitumia maneno na michoro kuwafanya raia wenzao waonekane kuwa mende na nyoka. Mwaka 1994 dunia iliona matokeo yake. Tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu waliosimamia vyombo hivyo, na ingawa rufani ya mwaka 2007 ilipunguza adhabu zao, haikuwafutia hatia. Mahakama hiyo ilikubali kwamba kalamu na kipaza sauti vinaweza kuwa sehemu ya mauaji. Sisi tulio katika kazi ya utangazaji tunapaswa kulikumbuka hilo kila taa nyekundu ya studio inapowaka.

Sasa tugeukie kazi yenu, ndugu askari. Yapo mambo mawili ambayo vitabu vya picha humfundisha mtoto, na ambayo jeshi linalazimika kumfundua akishakuwa mtu mzima.

La kwanza ni sheria. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inamtaka mpiganaji amtendee kiutu adui aliyeweka silaha chini, aliyejeruhiwa au aliyetekwa. Kifungu cha tatu, kilicho sawa katika mikataba yote minne, kinazihusu hata vita vya ndani ya nchi moja. Sheria hiyo ina maana kwa askari anayejua kwamba aliye mbele yake ni binadamu. Katika vitabu vingi vya watoto mateka hana nafasi: adui ama anapiga risasi, ama amekufa. Kijana aliyelelewa na hadithi za namna hiyo anapomkuta mtu ameinua mikono juu, hana mfano wowote akilini mwake wa kumwongoza.

La pili ni usalama wa askari mwenyewe. Adui wa vitabuni ni mjinga, na risasi zake hukosa. Adui wa kweli anafikiri, anavumilia, anasoma ramani, na anangoja ulale. Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Wanajeshi wa Burundi waliokwenda Somalia kuanzia Desemba 2007, katika jeshi la Umoja wa Afrika, walikutana na adui asiyevaa sare, anayetembea sokoni kama raia wengine. Mahali kama hapo, askari anayeamini kwamba adui hujulikana kwa sura yake hujiletea hatari mara mbili: atampiga raia asiye na hatia, na atampita adui bila kumtambua.

Kwa upande wa polisi jambo hili ni zito zaidi. Mshukiwa si adui, wala umati wa watu barabarani si kikosi cha adui. Polisi anayeona mbele yake nyuso zote zimekuwa uso mmoja amekwisha kuiacha kazi ya polisi, kwa maana kazi hiyo ni kupambanua: nani kafanya, nani hakufanya, nani alikuwa anapita tu.

Haifai kusema kwamba vitabu vyote vya vita ni vibaya. Wapo wachoraji waliokataa njia nyepesi. Huko Marekani, Harvey Kurtzman alitoa hadithi za vita katika majarida ya Two-Fisted Tales na Frontline Combat wakati vijana wa nchi yake wakipigana Korea. Katika hadithi moja ya mwaka 1952, askari wa Kimarekani anamzamisha adui yake mtoni kwa mikono yake mwenyewe, na msomaji halazimishwi kushangilia. Anaachwa autazame mwili ule ukichukuliwa na maji. Mwaka 1965 Robert Kanigher na Joe Kubert walimfanya rubani wa Kijerumani wa Vita Kuu ya Kwanza awe ndiye mhusika mkuu wa hadithi yao. Nako Uingereza, Januari 1979, Pat Mills na Joe Colquhoun walianza hadithi ya Charley's War katika gazeti la Battle. Charley ni mvulana wa miaka kumi na sita aliyedanganya umri ili aandikishwe jeshini, na katika mahandaki anakuja kuona kwamba Mjerumani naye ni kijana mwenye hofu kama yeye. Watoto waliipenda hadithi hiyo, nayo ikaendelea kwa miaka mingi. Kwa hiyo si kweli kwamba mtoto hufurahishwa na chuki tu. Mtoto hupenda ushujaa, na ushujaa wa kupigana na mtu ni mkubwa kuliko ushujaa wa kuua kivuli.

Ndugu wasikilizaji, ardhi hii tunayoikanyaga ina ushahidi wake. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Usumbura, kama mji huu ulivyoitwa wakati huo, yakiwafukuza Wajerumani, na mwezi Septemba yakafika Tabora. Lakini wengi wa askari wa pande zote mbili walikuwa Waafrika. Walikufa wakipigania bendera mbili za Ulaya, na kila mmoja alikuwa ameambiwa na mkubwa wake kwamba yule wa ng'ambo ndiye adui.

Na ushahidi ulio karibu zaidi ni ninyi wenyewe. Vita iliyoanza nchini mwetu baada ya mauaji ya Rais Melchior Ndadaye, tarehe 21 Oktoba 1993, iliwagawa vijana wa mlima mmoja, wa shule moja, na pengine wa nyumba moja. Kila upande ulikuwa na majina yake ya kumwita mwenzake, na majina hayo hatutayarudia hapa. Kisha yakaja Makubaliano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, na ule mkataba wa kusimamisha vita uliotiwa sahihi Dar es Salaam tarehe 16 Novemba 2003. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2004 ikaunda Jeshi la Ulinzi wa Taifa kwa kuwaunganisha askari wa jeshi la zamani na wapiganaji waliotoka msituni. Mwaka 2009 wapiganaji wa FNL nao wakaingia. Polisi ya Taifa iliundwa kwa njia hiyo hiyo.

Watu waliorushiana risasi wakapewa vitanda katika bweni moja na sahani kutoka chungu kimoja. Walipoulizana habari waligundua kwamba yule wa upande wa pili alikuwa na jina, na mama, na shamba la maharagwe lililoachwa bila kupaliliwa. Hakuna kitabu cha picha cha desturi ile ya zamani kinachoweza kuisimulia habari hiyo, kwa sababu katika desturi ile adui huisha pamoja na ukurasa. Hapa kwetu adui hakuisha. Alikuja kuwa mwenzako wa zamu.

Basi tufanye nini? Hatusemi vitabu vichomwe moto, kwa maana mtoto aliyenyimwa kitabu atakisoma mafichoni, na atakisoma peke yake. Tunasema mzazi mwenye sare aketi karibu na mwanawe. Amwulize: huyu aliyeanguka, jina lake nani? Ametoka wapi? Nani atampelekea mama yake habari? Mtoto atasema kitabu hakisemi. Hapo mzazi amweleze, kwa kadiri umri wa mtoto unavyoruhusu, jambo ambalo yeye kama askari analijua na mchoraji hakulichora. Na walimu na wachoraji wa Burundi, ambao wanayo historia kubwa kuliko ya Buck Danny, wajue kwamba watoto wetu wanaingojea kutoka kwao.

Nchi huhitaji askari wasioogopa adui. Huhitaji pia askari wanaojua kwamba adui ni mtu, ili siku ya amani wawe tayari kumpokea.