Tusiseme Tu "Pata Joto"

Masomo: Yakobo 2:14-17, 2 Timoteo 4:9-21, Matendo ya Mitume 28:1-2



Leo tunazungumza juu ya moto. Tumezoea kuhubiri moto wa Roho Mtakatifu, na tutaendelea kuuhubiri. Lakini leo ni ule moto mwingine, wa nyumbani, ambao mama anapikia na mtoto anaota. Moto huo unanunuliwa kwa feza, na feza zikikosekana unazimika hata katika nyumba ya mwombaji.

Yakobo anauliza waamini swali gumu. Ndugu au dada hana nguo, hana hata chakula cha siku ile. Mmoja wenu anamwaga kwa amani, anamtakia joto na shibe, kisha anaenda zake bila kumpa kitu ambacho mwili wake unahitaji. Imani ya namna hiyo ina faida gani? Yakobo anajibu mwenyewe: imekufa.

Kwetu hapa tunasoma andiko hilo na kusimama kwenye neno "shibe", maana njaa tunaijua. Neno "joto" tunalipita haraka. Lakini familia nyingi za makanisa yetu zina mtoto, kaka au shangazi kule Ulaya, na kwa hao neno hilo ni zito. Basi leo tukae hapo.

Yaliyowapata ndugu zetu Uingereza

Tuchukue Uingereza, ambako Wakongomani wengi wanaishi, na tutazame majira ya baridi ya mwaka 2022 kuingia 2023. Kule, kuanzia mwezi wa 11 hata wa 3, mtu hawezi kukaa ndani bila kupasha nyumba joto. Shirika la Afya Duniani linashauri joto la ndani lisishuke chini ya nyuzi 18, na kwa wazee, watoto na wagonjwa hata zaidi. Nyumba nyingi zinapashwa joto kwa gesi inayopita katika bomba. Bei ya gesi ilianza kupanda mwaka 2021. Kisha Urusi ikaingia Ukraine kwa vita tarehe 24 mwezi wa 2 mwaka 2022, gesi ya Urusi ikapungua Ulaya, na bei ikaruka.

Serikali ya kule ina ofisi inayopanga kipimo cha bei. Mwezi wa 10 mwaka 2021, nyumba ya kawaida ilihesabiwa kulipa pauni 1,277 kwa mwaka kwa gesi na umeme. Mwezi wa 4 mwaka 2022 ikawa pauni 1,971. Mwezi wa 10 ingefika 3,549, lakini serikali ikaingia kati ikaishikilia kwenye 2,500, ikatoa pia msaada wa pauni 400 kwa kila nyumba, uliogawanywa katika miezi sita. Hata hivyo, mshahara wa mtu anayesafisha ofisi usiku au anayetunza wazee haukuongezeka mara mbili kama faktire yake.

Tufanye hesabu moja ndogo ili sote tuelewe. Majira yale, kipimo kimoja cha umeme kilikuwa karibu pensi 34. Mashine ya kawaida ya kupasha chumba joto inakula vipimo viwili kwa saa, yaani pensi 68. Mama akiiwasha saa tano kwa siku, ni pauni 3 na pensi 40. Kwa siku 30, ni pauni 102, na hicho ni chumba kimoja tu. Bado hajapika, bado watoto hawajaoga.

Na wengine, hasa maskini, wana konteri ya kulipia mbele. Unaingiza feza, unapata umeme na gesi. Zikiisha, nyumba inakuwa baridi na giza. Kulikuwa na watu wenye deni ambao makampuni yaliwawekea konteri hizo kwa nguvu, kwa karatasi ya mahakama, mpaka mwezi wa 2 mwaka 2023 ofisi ile ya bei ilipoyataka yasimame kwanza.

Wapendwa, mtu wa namna hiyo ndiye tunayempigia simu. Tunamwona katika picha amevaa koti zuri, tunasema, "Huyu Mungu amemfungulia." Koti lile huenda analivaa hata ndani ya nyumba, hata kitandani.

Mtume aliyeomba koti

Sasa tumtazame Paulo. Yuko gerezani Rumi, anamwandikia Timoteo barua. Ni barua nzito, anazungumza juu ya mwisho wa mwendo wake na taji iliyowekwa mbele. Lakini katika barua hiyohiyo anamwomba Timoteo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo. Halafu anamhimiza ajitahidi kuja kabla ya majira ya baridi.

Angalieni vizuri. Ni mtume yuleyule ambaye huko Troa kijana alianguka kutoka dirishani, akaokotwa amekufa, naye akamkumbatia na kijana akarudi mzima. Mtu wa miujiza anasikia baridi, na anasema. Hakusema, "Nikikiri kwamba nasikia baridi, watu watadhani imani yangu imepungua." Alitaja kitu anachohitaji, mahali kilipo, na wakati kinapohitajika.

Kuna jambo linalowatesa ndugu zetu wengi kule. Wanaogopa kusema. Mtu alisindikizwa na kanisa zima kwa maombi na nyimbo, sasa atasemaje kwamba analala bila moto? Kwa hiyo anakopa ili atume feza nyumbani, anakaa kimya, na deni linakua. Sisi tunaliita jambo hilo baraka. Lakini neno la Mungu halikutufundisha kuficha baridi.

Tulio nyumbani tufanye nini?

Kwanza, tuulize kabla ya kuomba. Mtu akipiga simu kutoka Ulaya, swali la kwanza lisiwe karo ya shule wala bati za nyumba. Tumuulize, "Ndani kwako kuna joto? Umekula? Watoto wanalala vizuri?" Na akijibu, tuamini jibu lake. Familia zimevunjika kwa neno moja: "Amesahau kwao." Si kila aliyepunguza feza amesahau. Kuna aliyepunguza kwa sababu alichagua watoto wake wasilale katika baridi, na Biblia yenyewe inamwagiza mtu kutunza wa nyumbani mwake.

Pili, tupange mahitaji yetu. Karo inajulikana tangu mwezi wa 9. Sikukuu ya Noeli haijawahi kutushtukiza. Tukisubiri mwezi wa 12 ndipo tumwambie mtu kila kitu kwa siku moja, tunamfunga mzigo wakati faktire yake iko juu kabisa. Familia ikae pamoja, iandike mambo matatu ya lazima, iweke na sehemu yake, hata ikiwa ndogo. Tunajua hali ya hapa. Tunajua vita, watu waliokimbia, kazi zilizofungwa. Hatusemi msiombe. Tunasema tuombe kama ndugu wanaobebeana mzigo.

Tatu, neno hili ni kwa sisi viongozi wa makanisa. Barua za michango ya ujenzi na za vyombo vya muziki zisiwafuate washirika wa Ulaya katika miezi ya baridi kana kwamba wao ni ghala. Mchungaji anayejua kondoo wake anajua pia majira yao. Kikundi cha maombi kinaweza kumpigia ndugu simu siku ya posho jioni, kumwombea, na kukata simu bila kumtajia hata franga moja. Hilo nalo ni joto.

Ninyi mlio kule

Tunajua karatasi hii inapigwa picha na kutumwa mbali. Kwa hiyo, ninyi mlio Uingereza, sikilizeni haya kama mausia ya wazazi.

Faktire ikikushinda, usiitie kabatini. Pigia kampuni simu mapema, uombe kulipa kidogo kidogo kulingana na uwezo wako. Kama una mtoto mdogo, mgonjwa au mzee ndani, uliza juu ya orodha ya wateja wanaopewa uangalizi zaidi. England na Wales kuna mpango wa serikali unaoweza kukupa siku 60 ambazo wadai wengi hawaruhusiwi kukufuata, ili upate kupumua na kupanga madeni yako. Washauri wa Citizens Advice husaidia bila malipo. Kutumia msaada ulio halali si aibu. Majira yale ya 2022, watu wengi wenye konteri za kulipia mbele walitumiwa vocha za serikali, na vocha nyingi hazikutumiwa. Barua ikikuja kwa Kiingereza usiyoielewa, mpe mtu akusomee. Usiitupe.

Kama joto halitoshi nyumba nzima, pasha chumba kimoja, mkae humo pamoja, na muombe humo pamoja. Nguo mbichi zikikauka katika chumba kisichofunguliwa dirisha, ukuta unaota ukungu, na ukungu unasumbua mapafu ya mtoto. Fungua kidogo kila siku.

Na jambo hili tunalisema kwa nguvu, kwenu na kwetu: usiingize mbabula ya makala katika chumba kilichofungwa ili kupata joto. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu analala, haamki. Usiku wa mvua katika milima yetu kuna majaribu hayohayo. Mbabula ibaki nje, au mahali penye hewa inayopita.

Tena, msikae peke yenu. Majira yale magumu, makanisa mengi na maktaba za Uingereza zilifungua milango mchana ili mtu yeyote aingie, akae penye joto, anywe chai, bila kuulizwa dini yake. Kanisa lililokuwa linapashwa joto siku ya Mungu tu likawa sebule ya mtaa. Hiyo ndiyo imani ya Yakobo yenye mikono.

Moto wa Malta uko hapa pia

Tusiseme kwamba jambo hili ni la Ulaya tu. Hapa Goma, Bukavu na Uvira hatulipi gesi ya bomba, lakini tunanunua makala, na kila mama anajua gunia likipanda bei nini kinapungua ndani ya sufuria. Maharagi yanaachwa kwa sababu yanakula moto mwingi. Basi tufundishane. Tuloweke maharagi usiku kucha. Sufuria ikichemka vizuri, tuifunike, tuiondoe motoni na kuifunga kwa blanketi nzito ndani ya kikapo; chakula kitaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe. Makala yasinyeshewe. Na nyumba mbili zinaweza kupikia mbabula moja, zamu kwa zamu.

Someni Matendo 28. Paulo na wenzake walitoka baharini wamelowa, mvua inanyesha, baridi kali. Watu wa Malta hawakuwajua. Hawakuwa wamesikia Injili bado. Lakini waliwasha moto, wakawakaribisha wote. Luka aliona wema ule ni wa kuandikwa, na mpaka leo tunausoma. Watu ambao hawajaokoka waliwapa joto wageni 276. Sisi tuliookoka, jirani aliyekimbia vita akija kuomba kaa moja la moto, tutamwambia nini? "Nenda kwa amani, Mungu atakupasha joto"?

Mpendwa, juma hili fanya jambo moja. Kama una mtu Ulaya, mpigie au mwandikie, umuulize juu ya baridi yake, na usiombe kitu siku hiyo. Kama huna, tazama ni nyumba gani katika kartye yako ambayo haijatoa moshi tangu asubuhi, upeleke makala kidogo au umwite mama yule apikie kwako. Hapo Yakobo hatatuuliza swali lake mara ya pili.

Tuombe. Baba yetu wa mbinguni, wewe uliyeumba jua, unajua kila chumba chenye baridi usiku huu, Ulaya na hapa kwetu. Wape ndugu zetu ujasiri wa kusema shida yao, utupe sisi masikio ya kuisikia na mikono ya kufanya. Usiache mtoto yeyote alale katika baridi wakati jirani yake ana moto. Tunaomba katika jina la Yesu Kristo. Amina.