Sauti ya Televisheni ya Zamani: Pima Kwanza, Nunua Baadaye



Leo nataka kusema nanyi juu ya televisheni za valvu, yaani zile chupa ndogo za kioo zing'aazo ndani ya seti. Televisheni ilianza hapa Kenya mwaka 1962, na seti za siku zile zilikuwa za namna hiyo. Zilizosalia ni ukumbusho wa wazee wetu, na valvu zake si rahisi kupatikana. Basi atupaye valvu nzima amepoteza mali.

Siku moja niliona seti ambayo picha yake ilikuwa safi, lakini sauti ilikwaruza, na baada ya dakika chache ikawa kama ya mtu asemaye ndani ya blanketi. Mwenyewe alikuwa amenunua valvu mpya ya sauti mara mbili, na zote mbili ziliharibika upesi. Akadhani ameuziwa valvu mbovu. Sivyo, kulikuwa na kitu kilichoziua.

Kabla ya kueleza kitu hicho, nawaonya juu ya uhai wenu. Katika nyingi za seti hizi, chasisi ya chuma imeungwa moja kwa moja na waya wa umeme wa nyumba. Aigusaye aweza kufa. Fundi na atumie transfoma ya kutenganisha. Kapasita nazo huweka umeme hata plagi ikiwa imetolewa, na penye kioo cha picha nguvu hupita volti 10,000. Unga waya mweusi wa mita kwenye chasisi seti ikiwa imezimwa, kisha pima kwa mkono mmoja, wa pili uwe mfukoni. Asiyefundishwa kazi hii asifungue seti kabisa.

Sasa tupime. Valvu ya sauti iliyotumika sana katika seti za Ulaya ni PCL82. Katika sehemu yake ya kuendesha spika, anodi huwa na volti kama 200, kathodi kama 16, na gridi haina kitu. Rezista ya kathodi ikiwa ya omu 390, gawanya 16 kwa 390, utapata miliampea 41. Hicho ndicho kipimo cha kazi yake ya haki.

Katika seti ile, kathodi ilikuwa na volti 23, maana yake miliampea 59. Valvu ilikuwa ikifanyishwa kazi kupita nguvu zake. Gridi nayo, isiyopasa kuwa na kitu, ilionyesha volti 10. Dalili ya mvua ni mawingu: volti hizo zilitoka wapi?

Iko kapasita ndogo iletayo sauti kutoka valvu ya kwanza mpaka kwenye gridi. Kazi yake ni kama ya bawabu: kuipitisha sauti, na kuuzuia umeme mkubwa. Zile za zamani, za karatasi na nta, huingiwa na unyevu zikazeeka, na umeme ukavuja. Nilizima seti, nikangoja kapasita ziishiwe na umeme na kuhakikisha kwa mita, kisha nikafungua mguu mmoja wa kapasita hiyo upande wa gridi. Nilipowasha tena, gridi haikuwa na kitu, bali ule mguu uliofunguliwa ulikuwa na volti. Mkosaji alikuwa amepatikana. Kama gridi ingalibaki na volti, hapo ningaliishuku valvu yenyewe.

Niliweka kapasita mpya ya kipimo kile kile, iwezayo kustahimili volti 630. Nikakagua pia rezista ya kathodi na kapasita iliyo kando yake, kwani joto huziharibu. Kathodi ikarudi volti 16, na sauti ikatoka wazi.

Neno la mwisho ni juu ya mita. Michoro mingi ya zamani iliandikwa kwa mita za omu 20,000 kwa kila volti. Mita za tarakimu za siku hizi huvuta umeme kidogo zaidi kuliko zile, kwa hiyo mahali pengine zitaonyesha volti nyingi kuliko mchoro. Tofauti ya sehemu moja katika kumi isikutie wasiwasi.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Yule bwana alinunua valvu mbili, na dawa ilikuwa kapasita moja ya bei ndogo.